Waliosoma Chini ya Sakafu

Jioni ile Unaisi alitumwa mikeka.

Jua lilikwisha jificha nyuma ya milima ya Nawaikere, na moshi wa majiko ulikuwa umelala juu ya mto kama shuka, mama mkwe wake, Bibi Torika, alipomwita kutoka jikoni.

"Mwanangu, watu wa bondeni wamefika na hawana pa kukalia. Nenda shuleni ukachukue mikeka ya darasa la wadogo. Ufunguo unao wewe."

"Nakwenda, mama."

"Na usikae huko. Chukua, urudi."

Ufunguo alikuwa nao kweli. Shule ilikuwa ya chumba kimoja na mwalimu mmoja, na mwalimu alikuwa yeye.

Wageni walikuja kwa ajili ya Losena, binti yake wa miaka saba, aliyezikwa wiki hiyohiyo. Homa ilimpanda asubuhi, na mvua ya jioni haijakatika alikuwa ameshakwenda. Waisake, baba yake, alikuwa askari, akilinda amani ya watu wengine katika jangwa la mbali. Alifika siku ya maziko, akarushia udongo, akarudi jangwani. Nyumbani walibaki Unaisi, Bibi Torika, na Timoci, mdogo wake Losena, ambaye bado alilala akinyonya kidole.

Unaisi hakulia. Wanawake walikuja kumbusu maiti, wakalia kwa zamu, kisha wakamtazama yeye, wakangoja. Hakuna kilichotoka. Ilikuwa kama ganzi ya yaqona, kile kinywaji cha mizizi ambacho wanaume wa huko hukinywa kila jioni mpaka midomo na ulimi vinakufa. Tofauti ni kwamba yake haikuishia mdomoni. Ilishuka mpaka miguuni. Juzi yake alikuwa akimenya magimbi, kisu kikamkata. Aliona damu kwanza, ndipo akajua ni kidole chake.

Akachukua ufunguo, akapanda njia ya shule.

Shule ile ilikuwa na historia yake, na kila mtoto wa Nawaikere aliijua kabla hajajua kuhesabu. Milimani ardhi tambarare ni adimu. Zamani za mababu walipotaka kujenga shule, mahali pekee palipofaa palikuwa tuta moja la mawe, msingi wa nyumba ya watu wa kale. Sasa, tuta la watu halijengwi hivihivi. Anayelitaka huchukua mzizi wa yaqona, akauweka mbele ya wenyewe, akaomba. Wenyewe wakikubali, hukunja viganja na kupiga makofi mazito, yenye sauti ya kitu kilicho wazi ndani. Makofi yakishalia, ruhusa imetoka, nayo hairudi.

Lakini wenye tuta lile hawakuwapo. Surua ilipita, ukoo mzima ukaisha, na wengi wao walikuwa watoto. Basi wanaume wale wakafanya jambo ambalo wajukuu zao bado hulisimulia wakitazama pembeni. Walikaa juu ya tuta kwa pande mbili. Upande huu ukatoa mzizi, ukaomba. Upande ule, ambao nao haukuwa na haki yoyote pale, ukapokea, ukapiga makofi kwa niaba ya wafu.

Walijiomba, wakajijibu.

Wakasimamisha kuta za mbao, paa la bati, na sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya mawe. Chini ya sakafu ulibaki uwazi ambao kuku angepita kwa raha. Kuku hawakupita. Hata nguruwe, ambao huchimba mpaka makaburini, walilizunguka tuta kwa mbali.

Katikati ya mbao mlikuwa na nyufa, na penseli za watoto hazikosi kuanguka. Hakuna aliyezifuata. Mtoto aliinama tu akaiambia sakafu, "Chenu," kisha akaazima nyingine kwa jirani. Ndivyo walivyofanya bibi zao, ndivyo alivyofanya Unaisi mwenyewe alipokuwa mdogo. Na palikuwa na nusu ya pili ya sheria hiyo, ambayo wazazi waliisema mara moja tu, kwa sauti ndogo: kikianguka chenyewe, ni ajali. Ukikitoa kwa mkono wako, umeomba. Na aliyeomba atajibiwa.

Ndani ya darasa kulikuwa na giza la hudhurungi. Harufu ya chaki, ya mikeka iliyopata unyevu, ya mafuta ya nazi kwenye nywele za watoto. Unaisi alikunja mikeka, akaibeba begani. Alikuwa ameshafika mlangoni alipoona kopo la penseli kwenye rafu, na ndani yake penseli moja nyekundu iliyotafunwa nyuma.

Losena alitafuna penseli. Alionywa, akaacha, akaanza tena.

Unaisi alitua mikeka. Akaichukua penseli, akapitisha kidole gumba juu ya alama za meno. Hakuhisi kitu. Akapiga magoti mahali Losena alipozoea kukaa, akaielekeza penseli kwenye ufa, na kuisukuma taratibu.

Ilishuka nusu.

Ikasimama.

Haikugonga jiwe. Ilikuwa imeshikwa. Wala haikuvutwa, ilishikwa tu kwa upole, kama mtoto aliyefundishwa adabu anavyoshika kitu anachopewa na mkubwa, akingoja kikiachwa ndipo akichukue.

Unaisi akaiachia.

Kimya... Halafu, kutoka chini ya magoti yake, mkwaruzo mdogo. Kwaru... kwaru... kwaru... Alikuwa amefundisha miaka mingi, asingeweza kukosa kuutambua. Ulikuwa mlio wa penseli inayoandika.

Aliporudi, Bibi Torika alipokea mikeka, kisha akayatazama magoti ya Unaisi.

"Vumbi hilo la wapi?"

"Niliangusha kitu, mama."

"Uliangusha, au ulitoa?"

Unaisi akatandika mkeka, akaunyoosha pembe ambayo haikuwa imejikunja.

"Una mtoto mwingine," Bibi Torika alisema. "Usiwakumbushe kwamba unaye."

Msiba wa huko hukaa mpaka usiku wa mia. Mpaka hapo mama mfiwa huvaa nguo nyeusi, na kijiji huongea kwa sauti ya chini karibu na nyumba yake. Unaisi alivaa nyeusi, akafundisha, akapika, akamwogesha Timoci mtoni. Na kila jioni, watoto wakishaondoka, alibaki shuleni "kusahihisha kazi".

Aliteremsha penseli nyingine. Kisha kifutio. Kisha akachana ukurasa kutoka daftari la Losena, wenye maneno aliyoyaandika kwa mkono wake, akaukunja mwembamba na kuupitisha ufani. Alifikiri mtoto angependa kuwa na kitu chake.

Siku chache baada ya ukurasa ule, sakafu ilisema.

"Mwalimu."

Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, nyembamba, yenye vumbi. Unaisi aliweka shavu kwenye mbao. Darasani Losena alimwita Mwalimu kama wenzake. Walipatana hivyo siku ya kwanza, ili asionekane anapendelewa.

"Nipo," alinong'ona. "Umekula?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unaona baridi?"

"Hapana, Mwalimu."

Majibu yalikuja kwa mdundo wa darasa zima linapojibu pamoja. Yeye hakujali. Kwa mara ya kwanza tangu maziko alihisi kitu kikimchoma kwenye ncha za vidole, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudi. Kiliuma. Akakitaka zaidi. Kesho yake akaja mapema.

Kijiji kilikuwa na mipango yake. Shule mpya ya saruji ilikuwa imekamilika kando ya barabara, na mwenyekiti akatangaza kwamba ile ya zamani ingebomolewa msiba ukishaisha, mbao zijengee jiko la shule. Watu walifurahi. Unaisi alipiga makofi pamoja nao, akaitazama mikono yake ikifanya hivyo. Mtoto wake angechukuliwa mara ya pili, na mara hii tarehe ilijulikana.

Jioni ya kuamkia usiku wa mia alilala kifudifudi juu ya mbao.

"Watabomoa hapa," alisema. "Utakwenda wapi?"

Chini alisikia pumzi. Alidhani ni moja, kisha akaona ni ndefu mno kuwa ya mmoja.

"Mwalimu anakaa wapi?"

Naye akaeleza. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anavyomwelekeza mgeni: shuka mpaka kisimani, ufuate mto, uupite mshelisheli mkubwa, nyumba ya mbao iliyoinuliwa, mlango wa kijani.

"Asante, Mwalimu."

Alifika karibu na mshelisheli wenyewe ndipo miguu ikasimama. Losena alizaliwa katika nyumba ile. Alikuwa ameupaka mlango ule rangi kwa mkono wake, akaichafua na kanga ya bibi yake. Kwa nini aulizie njia?

Alisimama pale kidogo. Halafu ganzi ikarudi, ikamfunika, akaenda kuchambua majani ya magimbi.

Kesho yake msiba ulivuliwa. Jino la nyangumi, zawadi kuu ya heshima huko, lilitolewa, nguruwe wakachomwa, mzee Naibuka, msemaji wa kijiji, akatoa maneno yake, na wanawake wakamvua Unaisi nguo nyeusi na kumvika ya maua mekundu. Alisimama ndani ya maua yale kama sanamu ya dukani.

Siku iliyofuata wanaume wakapanda na nyundo. Aliyewaongoza alikuwa Apakuki, fundi, mtoto wa mjomba wake Unaisi. Binamu wa namna hiyo huko ni watani, mtu na mtaniwe, na hakuna msiba unaowanyamazisha kwa muda mrefu.

"Mwalimu kaja kutusimamia," Apakuki alisema bila kugeuka. "Jamani, kaeni vizuri, msije mkachapwa."

"Wewe nilikuchapa tukiwa wadogo na haikusaidia," Unaisi alijibu. Mdomo wake ulijua kazi yake hata asipouamrisha. "Hiyo nyundo unaishika kama kijiko."

"Nimezoea kijiko. Wewe ndiye uliyezoea kupika kitu ambacho hata kijiko kinakikimbia."

Wakacheka. Bati likashuka, kuta zikashuka. Mwanga wa mchana ukaingia mahali ambapo haujawahi kuingia. Apakuki akatia chuma chini ya ubao wa kwanza wa sakafu, akaukandamiza, misumari ikalia, ubao ukabinuka.

Akautazama upande wa chini.

"Binamu," alisema. Sauti ya utani ilikuwa imemtoka. "Njoo uone hii kazi yako."

Ubao ulikuwa umeandikwa. Herufi kubwa zilizopinda, moja ikiwa na ukubwa wa kiganja, za mtu anayeshika penseli kwa mara ya kwanza. Ubao wa pili herufi zilinyooka. Wa tatu kulikuwa na majina ya siku. Kisha hesabu za kujumlisha, za kutoa, za mara. Sala ya asubuhi. Majina ya visiwa. Kila somo lililopata kufundishwa juu ya sakafu ile, tangu mwalimu wa kwanza, lilikuwa limenakiliwa chini yake. Na juu ya mawe, zilizopangwa kwa safu kama mikeka ya darasa, zililala penseli. Vipande tu. Zote zilikuwa zimeandikiwa mpaka zikaisha.

Wanaume wakaendelea kubinua mbao taratibu, kama watu wanaofunua shuka juu ya mgonjwa.

Walipofika mahali pa Losena, Unaisi alipiga magoti.

*Jina langu ni Losena. Nina miaka saba. Ninakaa Nawaikere.*

Maneno ya ukurasa alioutoa yeye. Yaliandikwa, yakarudiwa, yakarudiwa tena, mstari chini ya mstari, ubao mzima. Losena alikuwa na tabia yake: herufi S aliiandika ikitazama nyuma, na hakuna mwalimu, hata mama yake, aliyefanikiwa kumgeuza. Katika mstari wa juu kabisa S ilikuwa sawasawa, safi, kama ilivyofundishwa ubaoni. Katika mstari wa pili ilisita. Chini zaidi ilianza kulala. Chini zaidi ikageuka, vibaya, kwa kulazimishwa. Na mwisho wa ubao ilitazama nyuma kwa urahisi, na mwandiko wote ulikuwa wa Losena. Kabisa. Hata yeye asingeweza kuutofautisha.

Unaisi alikuwa ameona watoto wengi wakijifunza kuandika. Alijua mazoezi yanafananaje.

Mtu aliyeandika pale hakuwa Losena. Alikuwa anajifunza kuwa yeye.

Na kielelezo alikuwa amepewa na mama mwenyewe, kwa mkono.

"Tuzichome," Apakuki alisema.

"Usiguse," mzee Naibuka alisema. "Kwanza tuombe. Tuombe kama ilivyopasa kuombwa."

Uliletwa mzizi, ukatwangwa, ukachujwa katika bakuli la mbao. Mzee alikaa chini akiyaelekea mawe, akasema maneno ya kuomba, akataja surua, akataja makofi ya uongo ya mababu, akaomba radhi. Kisha akakiweka kikombe cha kifuu cha nazi juu ya jiwe, na wote wakangoja makofi ya kupokea.

Upepo ulipita kwenye majani. Nzi mmoja alitua ukingoni mwa kikombe.

Wakangoja mpaka vivuli vikarefuka.

"Hawajibu," Apakuki alinong'ona.

Mzee aliinama, akasikiliza, akainuka polepole akijishika kiuno.

"Hawapo," alisema. "Tumekuja kuomba nyumba tupu. Paa limetoka, nao wametoka." Akawatazama wote mmojammoja. "Kuna mtu aliyewaambia pa kwenda?"

Unaisi alikuwa ameshaanza kuteremka.

Alipofika nyumbani kuku walikuwa wanapanda kulala. Timoci alikuwa amejinyoosha mkekani, katikati ya sakafu, kidole mdomoni. Bibi Torika alikuwa anawasha taa. Unaisi alifunga mlango wa kijani, akatia kabari, akaketi akiuegemea kwa mgongo. Alieleza kila kitu kwa sauti ileile, bila kupanda wala kushuka, kama anayesoma imla.

Bibi Torika hakumlaumu. Alivuta mkeka wa Timoci karibu yake.

"Watakuja kukuita," alisema. "Usifungue, na usijibu. Anayepiga hodi asipojibiwa huchoka. Umesikia, mwanangu? Hata neno moja."

"Nimesikia."

Jua likaisha.

Kwanza ilikuja harufu: chaki, na udongo ambao haujawahi kuona jua. Kisha ngazi ya kwanza ikalia. Ngazi ya pili. Hatua nyepesi, za miguu midogo isiyo na viatu. Zikasimama nyuma ya mgongo wake, upande wa pili wa ubao.

"Mwalimu."

Sauti haikuwa na vumbi tena. Ilikuwa imekamilika. Ilikuwa na kile kikwaruzo kidogo ambacho Losena alikipata alipougua kifua. Timoci akafumbua macho.

"Losena kaja," alisema kwa usingizi.

Bibi Torika akamfunika masikio, akatikisa kichwa kumwelekea Unaisi. Usijibu.

"Mwalimu, fungua."

Naye Unaisi akafahamu, kwa uwazi wa baridi, mahali lilipokuwa kosa. Walisikia kila kitu kupitia sakafu ile, lakini shule tu ndiyo waliyoisikia. Nyumbani hawakuwahi kuwepo. Hawakujua mtoto yule alimwitaje mama yake jioni, taa ikishawashwa. Laiti angenyamaza, wangebaki na neno hilo moja lisilofaa, wakiligonga mlangoni mpaka wachoke.

Alijua hivyo. Alikuwa na ganzi mpaka kooni, lakini vidole vilikuwa vinachomachoma, vinaamka, vinauma kwa utamu usiovumilika. Sauti ile ilikuwa imebakiza hatua moja tu. Na katika maisha yake yote hajapata kumwacha mtoto kwenye hatua ya mwisho.

"Sivyo," alisema taratibu.

"Unaisi," Bibi Torika alinong'ona. "Mwanangu, usi..."

"Nyumbani huniiti Mwalimu. Nyumbani unasema Mama."

Nje kukawa kimya cha mtu anayefikiri. Kisha, polepole, kama mdomo unaoonja chakula kigeni:

"Ma... ma."

"Rudia."

"Mama."

Safari hii neno halikuwa na kosa. Lilimpiga kifuani, na machozi, yale yaliyongojwa na kijiji kizima, yakaanza kumtoka moja baada ya jingine, ya moto. Akaweka mkono kwenye kabari ya mlango.

Wakati huohuo, chini ya nyumba, chini ya sakafu, chini ya mkeka alipolala Timoci, viganja vidogo vingi vilivyokunjwa vikaanza kupiga makofi, mazito, ya pamoja, yale ya kupokea kilichotolewa.